Datsun 1200 kuukuu: Kagua kutu kabla ya kuisifu injini

WENGI wanaotamani kununua gari la kale hunaswa na rangi inayong'aa au mlio mtamu wa injini. Kwa Datsun 1200, adui hasa ni kutu.

Kigari hiki kilizinduliwa Japani mwaka wa 1970 kwa jina la Sunny, kikauzwa ng'ambo kama Datsun 1200. Mwaka uo huo Edgar Herrmann alishinda mashindano ya Safari Rally akiendesha Datsun 1600 SSS, na sifa za jina hilo zikaenea Afrika Mashariki. Injini yake ya sentimita 1,171 za ujazo haina kompyuta yoyote. Hutumia kabureta, na fundi wa Jua Kali huweza kuifungua kwa spana chache.

Hivyo basi, injini iliyochoka isimtishe mnunuzi. Bodi iliyooza ni balaa. Saluni hii haina fremu ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Kutu ikishakula sakafu, kingo za chini ya milango au pale springi za mbele zinaposhikilia, gharama ya kuchomelea yaweza kupita bei ya gari lenyewe. Yapasa kuinua mazulia na kuchungulia chini ya betri na ndani ya buti. Sumaku iliyofungwa kitambaa nayo haidanganyi: isiponasa kwenye bati, hapo pamezibwa kwa pati. Gari lililoishi Mombasa, penye upepo wa chumvi, likaguliwe mara mbili.

Nambari za chasisi na injini nazo zilinganishwe na zilizo katika hati ya umiliki. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini, na si kila mwenye gari aliyejali kuandikisha mabadiliko hayo.

Anayetaka kuliendesha huku akilitengeneza aanze na breki, usukani na tairi, hata kama gari linaonekana kusimama vizuri. Mipira iliyo ndani ya silinda za breki hukakamaa gari likikaa miaka bila kutumiwa, na mteremko wa Mai Mahiu si mahali pa kuligundua hilo. Kisha ashughulikie rediata na mabomba yake. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, nayo hupinda upesi injini ikichemka.

Baada ya hapo, kazi ifanywe moja moja, gari lirudi barabarani kabla ya nyingine kuanza. Anayelifumua lote kwa siku moja, aghalabu huishia kuwa na maboksi ya vyuma uani na nauli ya matatu mfukoni. Rangi husubiri hadi mwisho, kwani moto wa kuchomelea huiunguza.