Karata za Kamari Ulaya: Kutoka Primero hadi Faro

Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14, na kamari ikaingia nazo. Mwaka 1377 watawala wa Florence walipiga marufuku mchezo wa karata ulioitwa naibbe, wakiutaja kuwa mgeni katika eneo lao. Karata zenyewe zinaaminika kuwa zilitoka kwa Wamamluki waliotawala Misri, ambao seti yao ya karata 52 ilikuwa na alama za vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Waitalia na Wahispania walizifuata alama hizo kwa karibu. Mwishoni mwa karne ya 15 Wafaransa walieneza kopa, uru, shupaza na pau. Hizo zilikuwa rahisi kuchapa kwa rangi mbili tu, hivyo karata zikawa nafuu na kufika hadi kwa watu wa kawaida.

Katika karne ya 16 mchezo uliotamba ulikuwa primero. Kila mchezaji alipewa karata nne, kisha madau yakaanza kupanda. Saba ilihesabiwa pointi 21, sita 18, ree 16, ilhali mfalme alikuwa na 10 tu. Mwenye karata mbaya aliweza kushinda kwa kuwatisha wenzake kwa dau kubwa. Gerolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia aliyekuwa mraibu wa kamari, aliuandika mchezo huo katika kitabu chake kuhusu bahati, kilichochapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake.

Katika primero wachezaji walishindania fedha wao kwa wao. Basset ilileta utaratibu mwingine: mtu mmoja alishika benki na wengine wote wakacheza dhidi yake. Mchezo huo ulishamiri katika Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa na serikali ya Venice mwaka 1638. Aliyeshinda aliweza kuziacha fedha mezani na kukunja pembe ya karata yake, akiwinda malipo ya mara 7, 15, 30, hata 60 ya dau.

Faro ya Ufaransa ilirahisisha mambo. Mshika benki alifunua karata mbili mbili: ya kwanza ilimpa yeye ushindi, ya pili ikawapa wachezaji. Karata hizo mbili zikilingana, benki ilichukua nusu ya madau yaliyowekwa juu ya karata hiyo.

Mwaka 1718 mwanahisabati Abraham de Moivre alichapisha kitabu kilichokokotoa faida ya benki katika basset na faro. Sheria nazo zilifuata: Uingereza ilipiga marufuku michezo yote miwili mwaka 1739, na Ridotto ikafungwa mwaka 1774. Hata hivyo, mfumo wa benki haukufa, na hadi leo ndio msingi wa kasino. Mchezaji mmojammoja huweza kuondoka na ushindi, lakini kanuni za mchezo zimepangwa ili mwisho wa yote benki ndiyo ifaidike.