Msitu Mwekundu wa Uluguru

Picha ya kwanza ya setilaiti niliyopewa kazini nilitaka kuirudisha. Ilikuwa miaka ya themanini, nami kijana mchora ramani pale Morogoro, nimezoea picha za ndege za rangi nyeusi na nyeupe. Siku hiyo nikatandaziwa mezani karatasi kubwa, milima ya Uluguru imeiva wekundu kama nyama buchani.

"Mzee, hii imeharibikia huko ilikochapwa," nikamwambia mkuu wangu.

Akacheka. "Huo ndio msitu wenyewe, kijana. Penye wekundu pana majani mabichi."

Kumbe jani humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa buluu ili kujitengenezea chakula, likaturudishia kijani. Lakini upo mwanga mwingine, infraredi, ambao jicho halina habari nao. Jani lenye afya huurudisha kwa wingi kuliko hata kijani. Likiugua au kukauka, mwanga huo hupungua. Ili nasi tuuone, wachapaji huuvisha rangi nyekundu.

Chombo kilichonasa mwanga huo kilibuniwa na Virginia Norwood, mhandisi wa kampuni ya Hughes, California. Kamera ya kawaida hupiga picha nzima kwa mpigo mmoja. Chombo chake kilifagia ardhi mstari kwa mstari, kwa kioo kilichopepesuka huku na huku zaidi ya mara 13 kila sekunde, na mwanga wa kila kipande cha mita kama 80 kikaugeuza kuwa namba.

Wengi hawakukiamini. Kitu kinachotikisika hivyo, kilomita 900 juu, kitatoaje picha iliyonyooka? Basi kabla ya safari kikapakiwa kwenye lori, kikazungushwa California na kuelekezwa hata kwenye jabali la Half Dome, kule Yosemite. Picha zikatoka safi.

Hata hivyo, setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa tarehe 23 Julai 1972, heshima walipewa wengine: kamera za mtindo wa televisheni. Chombo cha Norwood kilipandishwa kwa majaribio tu. Haukupita mwezi, kamera zile zikapata hitilafu ya umeme, zikazimwa. Kioo kikaendelea kupepesuka hadi setilaiti ilipostaafu mwaka 1978. Mdharau biu, hubiuka yeye.

Landsat 9, iliyorushwa mwaka 2021, haina tena kioo cha kupepesuka. Maelfu ya vihisi vimepangwa kwa safu, na kipande kimoja cha picha kimeshuka hadi mita 30. Lakini kazi ni ileile ya kugeuza mwanga kuwa namba. Karatasi yangu imefifia kabatini, namba haififii. Ndiyo maana vipimo vya zamani vinaweza kulinganishwa na vya leo, na tangu 2008 yeyote anavichukua bure.

Juzi mjukuu wangu alinifungulia Uluguru kwenye kompyuta yake. Nikatoa ramani yangu ya wino, ile niliyoichora kwa kufuata ukingo wa wekundu kwenye picha niliyoidhani mbovu. Tukaziweka sambamba.

"Babu, hapa umekosea," akasema, kidole kwenye mstari wangu. "Msitu uko juu zaidi."

Nikamwambia mstari haukukosea. Msitu ulikuwa pale.