Maradhi ya Ulevi na Tiba Yake (Sehemu ya Pili): Kukitafuta Kikao

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba ulevi uliokwisha kumtawala mtu ni maradhi yenye dalili na mwendo wake, wala si upungufu wa haya peke yake. Leo tunalikabili swali la mahali: mkazi wa Tandale au Manzese, wa Tandika au Mbagala jijini Dar es Salaam, aliyekwisha kukiri nafsini mwake kwamba pombe imemshinda, na ambaye nasaha za jamaa na laana za jirani amezisikia hata zimepoteza uzito masikioni mwake, aende kwa nani?

Mwenziwe aliyenaswa na heroini ana mlango unaojulikana. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili hutoa methadoni, Mwananyamala ikafuata mwaka 2012 na Temeke baadaye. Na kwa kuwa dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, wagonjwa huonana, hujuliana hali, na aghalabu huwa wao kwa wao tiba ya pili. Mlevi wa pombe hana foleni ya kumkutanisha na wenziwe. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, madukani ilitoweka pombe kali ya bei ndogo iliyokuwa ikiwafikia hata watoto wa shule, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini aliyekwisha kuwa mtumwa hakukosa gongo wala kilabu, na marufuku haikumpa mtu wa kuzungumza naye.

Thamani ya mtu huyo wa kuzungumza naye ilidhihirika Mei 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyeacha pombe miezi michache kabla, alikuwa peke yake hotelini, shughuli iliyompeleka imeharibika, na baa ya hoteli ikimvuta kwa vicheko vya waliomo. Akaiendea simu, akawapigia watu asiowajua, akiwamo kiongozi wa kanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine. Hatimaye alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa taabani kwa pombe, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu, kisha wakazungumza kwa saa nyingi hata usiku. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ihesabiwayo kuwa daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo siku ya kuasisiwa kwa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Aliyekuwa akitafuta mwenziwe, basi, ni yule aliyekwisha kuacha, naye alimtafuta ili yeye mwenyewe asianguke; na daktari alisikiliza kwa sababu mgeni wake hakumhubiria, bali alimsimulia yaliyompata.

Vikao vya chama hicho vina sharti moja tu la kuingia, nalo ni nia ya kuacha. Hakuna ada, ingawa wenye nacho huchangia chai na pango. Mtu hujitaja kwa jina lake la kwanza, husema yake pasipo kukatizwa, na yaliyosemwa humo hayatoki nje. Kanuni hii ya siri ina uzito mkubwa kwetu, katika nyumba za kupanga ambamo familia sita hutumia ua mmoja. Ulevi wa mtu mtaa mzima unaujua; usichokijua ni azma yake ya kuacha, na ajabu ni kwamba hiyo ndiyo anayoionea haya. Mwanamke hubeba fedheha maradufu, hasa mama auzaye pombe ili asomeshe watoto, ambaye kazi yake na maradhi yake vimo katika pipa moja. Huyo namwombea kikao cha wanawake peke yao.

Njia iliyo salama huanzia hospitalini: Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, Temeke kwa watu wa Temeke. Muulize mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, pasipo kuzunguka maneno, kikundi cha walioacha kinakaa wapi na siku gani. Kadhalika ziulize nyumba za upataji nafuu, ambazo nyingi hufuata Hatua Kumi na Mbili za kuacha ulevi za Alcoholics Anonymous, ijapokuwa akthari ya waliomo ni watu wa heroini.

Lakini anayekunywa kila siku, na ambaye asipozimua asubuhi mikono humtetemeka, asiache ghafla pasipo tabibu. Degedege laweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada yake kuweweseka kunakoweza kuua. Jamaa wanaomfungia chumbani kwa nia njema wanamhatarisha. Wampeleke hospitali kwanza, kikao kitafuata.

Nawaomba maimamu, mapadri, wachungaji na wenyeviti wa serikali za mitaa watoe chumba kimoja, jioni moja kwa juma, wawaachie walioacha pombe ufunguo wake, wala wasiingie kuwahutubia. Nawe msomaji uliyeguswa na haya, usingoje mpaka uwe umeacha ndipo uende: nenda juma hili, hata kama jana ulikunywa.