Nyutrino imetoka wapi?

Kila sekunde, matrilioni ya nyutrino yanapita mwilini mwako bila wewe kuhisi kitu. Moja ikipita Ngombezi, Korogwe, ikielekea Ncha ya Kusini, itakata kilomita 8,600 hivi za mwamba. Huko, kituo cha IceCube kimezika maelfu ya vihisio ndani ya barafu. Nyutrino ikigonga barafu, chembe zinazozaliwa hutoa mwanga wa bluu.

Sasa, ilitoka upande gani? Wakati mwingine mwanga huchora mstari mrefu, kama safu ya mkonge wa Ngombezi: mwelekeo unauona wazi. Mara nyingine ni kama mpira tu. Hapo kompyuta husaidia. Inafunzwa kwa migongano ya kuigiza, ambayo majibu yake tunayajua, mpaka isome kihisio kipi kiliona mwanga kwanza na kwa kiasi gani. Kwa mbinu hiyo, mwaka 2023 IceCube ilitangaza nyutrino kutoka galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Ila angalia: kompyuta hutoa jibu hata inapobahatisha. Barafu ya kuigiza isipofanana na ile halisi, itakosea bila wasiwasi. Kwa hiyo usiulize tu "wapi?" Uliza pia "una uhakika kiasi gani?"