Spea za redio Mwanakwerekwe: mtaji umelala kwenye droo

Biashara ya kuuza spea ndogo ndogo za elektroniki kisiwani Unguja inaendelea kusinyaa, na wenye maduka ya aina hiyo, wawe Mwanakwerekwe au Darajani, wanakabiliwa na swali moja gumu: wauze mali iliyopo kwa bei ya kutupa ili fedha ipate kuzunguka kwingine, au waendelee kungoja wateja wanaopungua kila mwaka.

Spea zinazozungumzwa hapa ni zile ambazo fundi huzilehemu moja moja: rezista, kapasita, dayodi, transista, aisi za sauti, fyuzi, na flaibeki za televisheni. Chaja za simu na rimoti hazimo. Wanunuzi wake ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni mafundi wa redio na televisheni. Kundi la pili ni wale wanaounda vitu kwa kupenda au kwa kujifunza, kama mwanafunzi wa skuli, kijana anayejitengenezea amplifaya, au mtu anayetaka taa ya uani iwake yenyewe jua likizama. Kwa kuwa hao wa pili ndio wanaokaa dukani muda mrefu na kuuliza maswali mengi, wengi hudhani kuwa duka ni lao. Daftari la mauzo huonyesha vingine.

Ili kuelewa kwa nini duka la namna hii ni gumu kuliko linavyoonekana, ni vyema kuanza na rezista, ambayo ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote. Katika mpangilio wa kawaida wa viwandani, rezista hutengenezwa kwa thamani 12 katika kila ngazi ya makumi. Kutoka omu 1 hadi omu milioni 1 kuna ngazi sita, yaani thamani 73 ukihesabu na ile ya mwisho. Mafundi huhitaji za robo wati na za nusu wati, hivyo tayari ni vidroo 146, na bado hakijauzwa kitu kinachozidi bei ya andazi. Kapasita nazo zina ukubwa usiopungua tisa unaotumika sana, na kila ukubwa una volti zake tatu au nne. Ndipo zinapofuata transista na aisi, ambazo kila moja ina namba yake na mara nyingi haina mbadala. Duka linalostahili jina lake linahitaji vitu vya aina mia kadhaa, na fundi aliyefuata spea nne akakosa moja mara nyingi huziacha zote nne, kwa sababu kifaa cha mteja wake hakitawaka kwa spea tatu.

Tuchukue mfano. Mtu ana mtaji wa shilingi milioni 6 uliogawanywa katika vitu aina 600, na anauza kila kitu mara mbili ya bei aliyonunulia. Mali yote ikizunguka mara moja kwa mwaka, atauza shilingi milioni 12, na faida ghafi itakuwa milioni 6, sawa na shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya pango, umeme, leseni na posho ya kijana wa dukani. Mzunguko ukishuka hadi theluthi moja, faida ghafi inakuwa milioni 2, au kama shilingi 167,000 kwa mwezi. Faida kwa kila kipande haikupungua hata senti. Kilichoongezeka ni siku ambazo kipande kinalala kwenye droo.

Jirani yake anayeuza mchele kwa faida ya asilimia tano tu, akiweza kuumaliza mzigo wa milioni 6 kila wiki, anapata shilingi 300,000 kwa wiki. Ndiyo maana mtaji mdogo umekuwa ukihamia kwenye chakula, na mwenye spea anayejivunia faida ya asilimia mia moja ndiye anayechelewa kulipa pango.

Zamani mzunguko huo ulibebwa na mafundi. Zanzibar ilitangulia kuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo kulikuwa na redio za National zilizoundwa Dar es Salaam na za Philips zilizoundwa Arusha, ambazo zilitengenezeka kwa mita, pasi ya kulehemu na akili ya fundi. Biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, mizigo ya Dubai iliingia kwa wingi, na wafanyabiashara wa Bara wakawa wanavuka bahari kufuata redio na televisheni Unguja. Kila seti iliyoingia ilikuwa mteja wa baadaye wa duka la spea, kwani televisheni za chogo zilikuwa na magonjwa yanayojulikana: flaibeki inaungua, transista kubwa inayoiendesha inakufa, kapasita zinakauka kwa joto.

Umeme nao ulisaidia, kama neno hilo linafaa. Unguja ilikuwa ikitegemea waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980. Kisiwa kilikosa umeme wa gridi mwezi Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Watu waliendesha nyumba na maduka kwa majenereta madogo ambayo nguvu yake hupanda na kushuka, na umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo. Hasara ya kisiwa ilikuwa kubwa, lakini kwa muuza fyuzi na dayodi kila kishindo kilikuwa mauzo. Waya mpya wa megawati 100 uliunganishwa mwaka 2013.

Wakati huo huo televisheni yenyewe ilikuwa inabadilika. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Ving'amuzi viliziongezea seti za chogo maisha ya miaka michache, na vyenyewe vikawaletea mafundi kazi ya kubadili kapasita zilizovimba. Hata hivyo, seti za flati zilipoanza kushuka bei, chogo likaondoka sebuleni moja kwa moja.

Ndani ya flati spea ni ndogo kama punje za mtama, zimebandikwa juu ya bodi, nyingi hazina namba inayosomeka, na kuzing'oa kunataka mashine ya hewa moto na macho makali. Fundi mwenye wateja watano wanaosubiri hawezi kukaa siku nzima akitafuta rezista moja iliyokufa. Anabadili bodi zima. Taa za nyuma ya kioo zikiungua, ananunua seti nzima ya taa kulingana na ukubwa na toleo la televisheni. Kazi ya fundi ipo kama kawaida. Kilichotoweka ni ile safari yake ya dukani kununua transista mbili na kapasita moja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanafunzi na mtu anayeunda kwa kupenda hawakuwahi kulilisha duka. Walikuwa wakipanda gari la fundi bila nauli. Kwa kuwa fundi alinunua vya kutosha kulipia pango, mwenye duka aliweza kuweka rezista za aina 146 na kumuuzia kijana moja moja kwa sarafu ya shilingi mia. Fundi aliposhuka, gari lilisimama na abiria wote ndani. Wanaolaumu vijana kwa kupoteza hamu ya kuunda wanamlaumu asiyehusika.

Jambo hili halikuanzia Unguja. Nchini Marekani, kampuni ya RadioShack, iliyoanzishwa mwaka 1921, iliomba kinga ya kufilisika mwezi Februari 2015 ikiwa na maduka yapatayo 4,000. Uingereza, Maplin iliyoanza mwaka 1972 ikiuza spea kwa njia ya posta iliingia katika ufilisi mwaka 2018 na maduka yake yakafungwa mwaka huo huo, baada ya kushindwa na wauzaji wa kwenye intaneti, yaani wauzaji wa posta wa kizazi kipya.

Kilichoipata RadioShack kina faida kwa mfanyabiashara wa hapa kukijua. Mauzo ya spea yalipodorora, kampuni hiyo ilizisukumia spea kwenye kabati za droo nyuma ya duka na kuipa sehemu ya mbele simu za mkononi. Kwa muda ilionekana kama uamuzi wa busara. Lakini simu zinauzwa na kila mtu, pamoja na kampuni za simu zenyewe, na faida ikaliwa pande zote. Ndiyo njia inayomvutia mwenye duka la Unguja anayetoa droo za transista ili atundike kava za simu na chaja. Kava hutoka haraka, ni kweli, lakini kijana mwenye meza kituo cha daladala anaziuza zile zile bila kulipa pango. Aliyekuwa peke yake katika mtaa kwa kuwa na kitu ambacho wengine hawana, sasa ni mmoja wa wengi.

Kwa upande wa wanaojifunza, pengo linaonekana zaidi. Mwanakwerekwe kuna kituo cha mafunzo ya amali, na Mbweni kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Mafunzo ya umeme na elektroniki hayaendi kwa kuchora ubaoni tu. Mwanafunzi lazima aunguze transista mbili tatu kabla hajajua kwa nini zinaungua. Ikiwa transista hiyo inabidi iagizwe Kariakoo na kuletwa kwa boti, nauli ya mzigo huipita bei ya spea yenyewe mara nyingi, na siku za kungoja huwa nyingi kuliko siku za kazi. Wanaoweza hukusanyana na kuagiza pamoja. Asiye na wenzake hufungua bodi kuu kuu akatoa spea zilizokwishatumika, na hapo hajui kama kosa ni la mchoro wake au ni la kapasita aliyoiokota.

Wapo wanaojaza pengo kwa njia nyingine. Kijana huagiza kutoka China bodi ndogo zilizokwisha kuundwa, mfano Arduino, ambayo ilianzia Italia mwaka 2005, pamoja na vihisio na mota, kisha huuza kwa picha za WhatsApp bila duka. Huyo ana vitu aina 30 badala ya 600, vyote vya bei kubwa kuliko rezista, na havilipii pango. Kimahesabu ameshinda. Lakini anayehitaji kapasita moja ya kuokoa amplifaya ya baba yake hatampata kwake.

Nairobi, Mtaa wa Luthuli ungali na sifa ya kuwa mahali pa kupata spea. Jiji hilo lilikuwa na watu wapatao milioni 4.4 katika sensa ya 2019, lina vyuo vikuu vingi, na wauzaji wake hupeleka mizigo miji mingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Pemba ikiwemo. Soko la ukubwa huo haliwezi kulisha maduka kumi ya spea. Huenda likalisha moja au mawili, yakichagua vizuri.

Kuchagua maana yake ni kufuata kazi ambayo bado inafanywa kwa kulehemu. Inveta na vidhibiti vya sola ni mojawapo. Vikiungua, mara nyingi ni mosfeti, na aina chache kama IRF3205 na IRFZ44N hutosha kazi nyingi. Kinyasini, Kaskazini Unguja, Barefoot College imekuwa ikiwafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na mitambo hiyo itahitaji spea kadiri inavyozeeka. Nyingine ni amplifaya za sherehe na za misikiti, ambazo hufanyiwa matengenezo zaidi Ramadhani inapokaribia. Huko transista za jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 ndizo zinazotafutwa.

Lakini ni hizo hizo zinazoghushiwa sana duniani. Ya bandia huwa na kipande kidogo cha silikoni ndani, huwaka vizuri kwa sauti ya chini, kisha hupasuka siku ya harusi. Fundi akipata hasara hiyo mara moja hatarudi, na atawaambia wenzake. Mwenye duka anayeagiza jozi 50 afadhali avunje moja aangalie ndani, au aipime kwa mzigo mkubwa, kuliko kuamini maandishi ya juu. Kwa bei mbili tofauti zilizoandikwa wazi, ya uhakika na ya kubahatisha, mafundi wengi huchagua ya uhakika.

Vilivyobaki kwenye droo ni hesabu nyingine. Rezista na kapasita ndogo zinaweza kufungwa katika pakiti za mchanganyiko na kuuzwa kwa vyuo na skuli kwa bei moja, kazi ya jioni chache. Kapasita kubwa zilizokaa miaka mingi zipimwe kwanza, kwani hukauka hata zikiwa mpya. Flaibeki hazina mnunuzi isipokuwa fundi wa mara moja moja mwenye mteja anayeipenda televisheni yake ya zamani. Shaba iliyomo ndani imefunikwa kwa gundi ngumu, na mnunuzi wa skrepa hataki kuipima.