Kasi ya diski za SSD: Boksi halisemi yote

MWANZA: MWENYE studio ya video za harusi anayenunua diski ya SSD huangalia mambo mawili: bei na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kasi hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi ni ya mwanzo wa kazi tu. Katika kazi ndefu, diski ya bei nafuu inaweza kupungua kasi hadi kumchelewesha mteja.

Mfano ni Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, iliyoingia sokoni mwaka 2020. Kwa mujibu wa mtengenezaji, hupokea data kwa kasi ya hadi megabaiti 530 kwa sekunde. Hata hivyo, ikishapokea gigabaiti 42 mfululizo, kasi hushuka hadi megabaiti 80.

Sababu

SSD huhifadhi data kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo sana. Seli ikibeba biti 1, viwango vya chaji ni 2 tu na kuandika ni kwepesi. Ili kushusha bei, seli hubebeshwa biti 4. Hapo viwango huwa 16, na kuvipanga bila kosa huchukua muda.

Kwa hiyo diski hutenga baadhi ya seli zipokee biti 1 kwa haraka, kisha huihamisha data hiyo inapopumzika. Ni kama mwalo wa Kirumba: mtumbwi wa dagaa hupakuliwa upesi maadamu pana mahali pa kushusha mzigo. Pakijaa, upakuaji hufuata mwendo wa wapagazi wanaopeleka ghalani. Diski inapokaribia kujaa, nafasi hiyo ya mapokezi nayo hupungua.

Hesabu

Kuhamisha gigabaiti 200 kwa kasi ya boksi kungechukua kama dakika 6. Kwa 870 QVO ya terabaiti 1, kazi hiyo huchukua kama dakika 34. Ile ya terabaiti 2 ina nafasi ya mapokezi ya gigabaiti 78, na baada ya hapo huenda kwa megabaiti 160; itamaliza kwa dakika 15 hivi.

Uimara nao hutofautiana. Dhamana ya 870 QVO ya terabaiti 1 ni miaka 3 au terabaiti 360 za kuandika, lipi litangulie. Ya 870 EVO ya ukubwa huo huo, yenye biti 3 kwa seli, ni miaka 5 au terabaiti 600.

Ushauri kwa mnunuzi

Duka linaloweka hesabu za mauzo na stoo huandika data kidogo kwa siku. Diski ya biti 4 inalitosha, na hakuna haja ya kulipa zaidi. Vivyo hivyo kwa anayehamisha picha kutoka kadi ya kamera inayosoma megabaiti 80 au chini ya hapo, kwani kikwazo ni kadi yenyewe.

Studio inayohamisha mafaili makubwa kutoka diski moja hadi nyingine, au ofisi inayonakili kumbukumbu zote kila jioni, haina budi kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: biti ngapi kwa seli, kasi baada ya nafasi ya mapokezi kujaa, na terabaiti za dhamana. Muuzaji asiye na majibu aombwe karatasi ya maelezo ya mtengenezaji.