Neno "Uhuru" na Picha Iliyokataliwa

Msafiri aondokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hufika Kibaha, na yule ashikaye njia ya Pugu hufika Kisarawe. Katika njia hii ya pili ndipo ilipo shule ya Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akisomesha hata alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashike kazi ya chama cha TANU. Kwa watu wa pande hizi, basi, neno "uhuru" si la kusimuliwa tu. Limepita milangoni mwao. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi neno hilo lilivyosafiri hata likaingia katika mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, na jinsi picha ya kwanza ya mfululizo huo, ambayo neno hilo halikuwamo, ilivyohusika na safari hiyo kwa kukataliwa kwake.

Kwanza yafaa tulitazame jina la picha ya namna hii. Waingereza huiita "pilot", na neno lao hilo ndilo wamwitalo pia rubani. Neno letu "rubani" lina asili ya Kiarabu. Lilikuwa la mwongoza chombo baharini, kisha likapewa na mwendesha ndege. Lakini Kiswahili hakikuendelea kulinyosha neno hilo hata likafika kwenye jambo la kujaribiwa, kama Kiingereza kilivyofanya. Kwa hiyo mfasiri aandikaye "picha ya rubani" atampoteza msomaji wake. Wala hapana haja ya kuunda neno jipya. Mkulima wa Kisarawe apandaye mbegu ngeni pembeni mwa shamba, kabla ya kuiamini, husema anaijaribu. Basi hii nayo ni picha ya majaribio: hutengenezwa moja, shirika la televisheni huitazama, kisha huamua kama zilizosalia zitengenezwe au ziachwe.

Picha ya majaribio ya Star Trek ilitungwa na Gene Roddenberry, ikaongozwa na Robert Butler, na kupigwa mwishoni mwa mwaka 1964 katika studio za Desilu. Siku hizo Kibaha ilikuwa katika shughuli za mradi wa nchi za Nordiki, ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali yetu mwaka 1970, ambao ndio asili ya shirika la elimu la hapo. Televisheni haikuwako, Tanzania Bara haikupata kituo chake hata mwaka 1994.

Kisa chenyewe ni hiki. Nahodha Christopher Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter, anatekwa katika sayari ya mbali na viumbe wenye vichwa vikubwa, ambao wana uwezo wa kumwonyesha mtu lolote wapendalo naye akalisadiki kwa macho yake. Wanamfungia nyuma ya kioo, na kumletea mwanamke aitwaye Vina, ili wawili hao wazae kizazi cha kuihudumia sayari iliyochakaa. Wanampa ndoto za kila namna: nyumba yake ya utotoni, farasi wake, karamu na anasa. Pike anazikataa zote. Msaidizi wake mkuu, mwanamke, anatega silaha ilipuke, akiona afadhali wafe wote kuliko kufungwa. Wale viumbe, baada ya kuchungua kumbukumbu za chombo, wanatambua kwamba binadamu huchukia kufungwa hata kifungo kikiwa kitamu, nao wanamwacha aende zake.

Jina la picha hiyo ni The Cage. Tukitaka kulifasiri, twapaswa kuchagua. "Tundu" ni la ndege, lakini lina maana ya shimo pia, na msomaji aweza kukosea. "Tenga" ni la kubebea kuku kwenda sokoni, nalo ni la safari, si la makazi. "Kizimba" naona ndilo bora, maana ni mahali afungiwapo mnyama, na pia ni mahali asimamapo mshtakiwa mahakamani. Na Pike alikuwa yote mawili, mnyama wa kutazamwa na mtu wa kupimwa.

Mapema mwaka 1965 shirika la NBC liliikataa picha hiyo. Sababu iliyotajwa sana ni kwamba ilikuwa na fikira nyingi mno kwa watazamaji wa kawaida. Roddenberry alisema baadaye kwamba mwanamke kuwa msaidizi mkuu hakukupendeza. Wengine waliokuwako walisema kilichopingwa si cheo cha mwanamke bali uchaguzi wa mwigizaji. Hata hivyo NBC haikufunga mlango. Iliagiza picha ya pili ya majaribio, jambo ambalo halikuwa desturi, nayo ikapigwa mwaka huo huo, William Shatner akiwa nahodha mpya. Katika wahusika wa picha ya kwanza ni Spock peke yake aliyebaki.

Msomaji na aangalie jambo moja. Kisa kizima cha kizimba ni kisa cha uhuru, lakini neno lenyewe halikuwamo, wala hakuwamo Mwafrika miongoni mwa wahusika wakuu. Katika picha ya pili pia halikuwamo. Liliingia mwaka 1966, mfululizo ulipokuwa ukiandaliwa na wahusika kupangwa upya. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kujaribiwa akiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuhusu Kenya. Neno likampendeza Roddenberry. Lakini lilionekana gumu kwa jina la mwanamke, wakalilainisha likawa "Uhura".

Hapa mtaalamu wa lugha ana la kusema. Watu wengi wa nje huandika kwamba "Uhura" ni Kiswahili cha uhuru. Sivyo. Shina letu ni "huru", nalo latokana na Kiarabu; tukiweka kiambishi "u-" twapata jina la hali, katika ngeli ya U. Zamani za utumwa hali hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, aliyeachwa na bwana wake. Wakati wa kudai kujitawala ikawa hali ya taifa zima. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina, haibadiliki kwa mume wala kwa mke, maana majina yetu hayana jinsia. Ile "-a" ni ya sikio la Kizungu. Lakini ajabu ni hii: katika Kiarabu mwanamke asiye mtumwa huitwa "hurra". Waliobadili irabu huko Marekani walilirudisha shina, bila kujua, karibu na umbo lake la kike katika lugha lilikotoka.

Mfululizo ulianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, na katika kipindi hicho cha kwanza Uhura anasemeshwa Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza mtu. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, kumbukumbu zake zafutwa, na afundishwapo kusoma upya Kiswahili ndicho kimtokacho kinywani. Watungaji walitambua lugha ya mama ni ipi.

Picha iliyokataliwa nayo haikupotea. Mwezi wa Novemba 1966 sehemu zake nyingi zilitiwa katika kipindi cha sehemu mbili kiitwacho The Menagerie. Nayo nzima, yenye rangi zote, ikaonyeshwa mwaka 1988. Mwaka 2022 ulianza mfululizo mwingine, Strange New Worlds, ambamo Pike ndiye nahodha, naye Uhura, akiwa kijana mzaliwa wa Kenya, anahudumu chini yake. Aliyekikataa kizimba na mwenye jina la uhuru wamekutana katika chombo kimoja, miaka hamsini na saba baada ya picha ya kwanza kukataliwa.

Mwalimu wa Kibaha au wa Kisarawe akiulizwa na mwanafunzi wake maana ya jina hilo, asilicheke kwa kuharibika kwake, wala asilipokee kama lilivyo. Na amrudishie mwanafunzi neno zima, pamoja na historia yake.